Kigoda cha Kumi na Saba

Binti aliyeshika nafasi yangu kwenye banda la kubangulia korosho pale Chuno, Neema, alinijia nyumbani Shangani wiki ya tatu baada ya mimi kustaafu. Alikuja na daftari jipya, lile kubwa la jalada gumu, na kalamu mbili, moja ya akiba. "Bi Somoe," akasema, "tuandikie. Umeondoka na kila kitu kichwani, na sisi huku tunabaki kuulizana." Nikamwambia sina cha kuandika, maisha yangu yote nimeandika mahudhurio tu. Akacheka, akidhani natania. Haya, naandika. Lakini msitegemee hotuba, na kama mnataka kujua nilipandaje cheo au nilikuwa napata nini mwisho wa mwezi, kamuulizeni mwingine. Nitawaeleza kazi, halafu nitawaeleza kigoda kimoja. Hicho kigoda ndicho kinachoninyima usingizi, hayo mengine ni nyongeza.

Siku yangu ya kwanza niliunguza mikono yote miwili. Kila mbanguaji ana siku hiyo. Ganda la korosho lina mafuta meusi ndani, na mafuta yale hayana adabu. Yakikugusa leo unacheka na wenzio, kesho asubuhi ngozi inababuka na unashindwa hata kushika kata ya maji. Aliyenifundisha alikuwa Bi Tabu, mwanamke wa Mikindani asiye na kucha kwenye vidole viwili, mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake. Alinipaka mafuta ya nyonyo, akaninyunyizia majivu juu yake, akanikalisha mbele ya mashine. Mashine zile mnazijua, hazijabadilika: meno mawili, mkono wa chuma, na kikanyagio cha mguu. "Sikiliza," akaniambia. "Kubangua ni kama kumnyoa mtoto. Ukikaza mkono utamkata, ukilegeza atakuponyoka." Nikakata korosho arobaini siku ile, nzima zikatoka sita. Bi Tabu akazihesabu kwa sauti mbele ya watu wote, kisha akala moja.

Kwa hiyo Neema, na ninyi wengine mnaosimamia leo: kabla hujamgombeza mtu kwa kutoa vipande, kakae kwenye kigoda saa mbili. Ukisimama, mgongo utakufundisha maneno ya kusema.

Nilipofanywa msimamizi, nilikabidhiwa banda lenye vigoda arobaini. Kila kigoda kiliandikwa namba kwa rangi nyekundu ubavuni, kuanzia mlangoni hadi kule nyuma kwenye mapipa ya kuvukishia. Nikakabidhiwa na daftari la mahudhurio. Kila ukurasa ulikuwa na mistari arobaini, kwa sababu vigoda ni arobaini na ofisi ilitaka wabanguaji arobaini, si thelathini na tisa, si arobaini na mmoja. Anayejua kuandika anaweka sahihi mbele ya jina lake. Asiyejua anaweka dole gumba. Bi Tabu aliponiona nikizungusha kile kidau cha wino siku ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. "Unawapa wino wa nini? Hao vidole vyao vimeshaiva." Maana mafuta ya ganda hayali ngozi tu, yanakula na ile mistari ya kidole aliyotuumbia Mungu. Ukibonyeza unapata doa, basi. Nami nikacheka pamoja naye. Nawaomba mlikumbuke hilo doa, nitalirudia.

Sasa wageni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na watu wa ng'ambo ya Ruvuma walikuwa wengi mjini. Vita vya kwao vilikuwa vimekwisha au vinakaribia kwisha, ilitegemea umemuuliza nani. Walivukia Kilambo, wengine walivukia kule chini mtoni karibu na bahari, maji yakipwa. Wengi walikuwa na ndugu upande huu tangu enzi za mabibi, kwa sababu Mmakonde yupo pande zote mbili, mto umemkuta. Ila mtaani waliitwa Wamawia, na jina lile halikuwa la kusifia. Wakija bandani kuomba kazi niliwaandika, wakafanya siku mbili, siku ya tatu hawaonekani. Meneja wa wakati ule alikuwa na jibu lake: hawa watu hawajui kazi. Mimi niliona wanajua kazi mno, ndiyo maana walikuwa nazo nyingi. Mgeni ana pori la kufyeka kabla mvua haijaanguka, ana nyumba ya kukandika udongo, ana foleni ya maji, ana mama mzee aliyebaki upande wa pili na hajui kama bado yu hai. Wewe unamwambia awe getini saa moja asubuhi, atoke saa kumi jioni, siku sita. Atakuitikia "ndiyo", na hatarudi.

Ndipo wakaja hao wawili. Ilikuwa asubuhi, msimu wa korosho umeshafunguliwa, na nilikuwa na kigoda kimoja kitupu, cha kumi na saba. Mmoja alikuwa mrefu, mkimya, amebeba mtoto wa kike mgongoni: huyo ni Ancha. Mwingine mfupi, mweusi tititi, macho yanacheka hata akiwa amenuna: Mwanajuma. Ancha alikuwa mjane wa kaka yake Mwanajuma. Kaka mtu alikufa vitani, na wifi hawa wawili walivuka mto pamoja na yule mtoto na kinu. Kwa nini kinu, sikuwahi kuelewa. Kinu kizito vile.

"Shikamoo, mama," akasema Mwanajuma. "Tunataka kazi."

"Marahaba. Nafasi ni moja."

"Moja inatosha."

"Ninyi si wawili?"

Mwanajuma akamtazama wifi yake, akanitazama mimi. "Sisi ntu mmoja, mama."

Banda zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, lakini akaendelea kunieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na nikaona haongei mzaha. Ancha angekaa asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Mwanajuma angekuwa shambani, au kwenye maji, au na mtoto. Adhuhuri wangebadilishana. Wakati wa kulima wangepokezana wiki kwa wiki. Kigoda hakitakaa bure hata dakika moja. "Wewe unataka kazi iishe," akasema, "kazi itaisha."

Nilimuuliza Bi Tabu anaonaje. Akatema mate ya tumbaku, akasema, "Wape. Ila waandike wote wawili." Nikasema mistari ni arobaini. Akasema, "Chora wa arobaini na moja, rula unayo." Sikuchora. Niliogopa ofisi. Nikaandika jina la Ancha kwa sababu ndiye aliyeanza kukaa, nikajiambia la Mwanajuma nitaliandika nafasi ikipatikana.

Na kazi ikaisha, kama alivyosema. Kigoda cha kumi na saba kilitoa korosho nzima kuliko vyote, maana kilikaliwa na mtu mbichi asubuhi na mtu mbichi mchana. Nyie mmekuta banda lina kengele na zamu zilizopangwa, hamjui ile raha ya adhuhuri. Mwanajuma anaingia, miguu ina vumbi la shamba, ameshika kipande cha muhogo mdomoni. Ancha anainuka, anajifuta mikono, na kabla hajamaliza kunyoosha mgongo mwenzake ameshaketi na mguu uko kwenye kikanyagio. "Kigoda hakipoi," Bi Tabu alikuwa akisema. Wenyewe tulizoeana nao, wakatuachia na maneno yao. Shamba waliliita machamba, na mwaka wa tatu banda zima, hata mimi, tulikuwa tunasema naenda machamba.

Wengine wakaiga. Dada na dada, mama na binti, wake wenza wawili waliokuwa hawasemezani ila kwa kupitia kigoda. Kufikia katikati ya miaka ile nilikuwa na vigoda kumi na viwili vya kupokezana, karibu vyote vya watu wa ng'ambo. Majina bado arobaini.

Mniruhusu niseme nilichokiona, maana ndicho mlichoniomba. Nilikuwa nikidhani mgeni anakuwa mwenyeji kwa kupata kazi. Si kweli. Kazi inamshibisha tu. Mgeni anakuwa mwenyeji siku anapokuwa na nafasi ya kwenda kwenye msiba wa jirani. Huku kwetu ukikosa misiba mitatu, mtaa umeshakufuta, hata uwe na bati jipya. Mwanajuma hakukosa hata mmoja. Akisikia kilio, anamtumia wifi yake ujumbe, Ancha anakaa kigodani mchana kutwa, na Mwanajuma yuko msibani anakuna nazi, anateka maji, anakaa matanga mpaka yanaondoka. Arusi vivyo hivyo. Mtoto wa Ancha alipovunja ungo, mashangazi waliomtoa walikuwa majirani wa Chuno, Wamakonde wa upande huu, na hakuna aliyelitaja lile neno Mmawia. Waliandikisha mtoto shule. Walipata kipande cha shamba nyuma ya mji, wakapanda muhogo na mikorosho sita. Mikorosho, nawaambia. Mtu hapandi mkorosho mahali asipotarajia kuzeekea.

Mwanajuma aliniuliza, nakumbuka vizuri, nilikuwa nakagua bakuli lake. "Bi Somoe, na mimi jina langu utaliandika lini?"

"Nafasi ikipatikana, mwanangu."

Nafasi ilipatikana mara mbili. Mara ya kwanza mbanguaji mmoja aliolewa Lindi. Mara ya pili alikufa Bi Tabu mwenyewe, Mungu amrehemu. Mara zote mbili nikampa kigoda mtu asiye na pa kukaa kabisa, nikasema wale wawili angalau wana pao. Nikajiona mwadilifu. Nililala vizuri sana siku hizo, na usingizi ule ndio ninaoulipia sasa.

Ikaingia miaka ya elfu mbili. Tukaletewa meneja mpya, mtu wa suruali ya kunyoosha, asiye mkorofi ila mpenda utaratibu. Haikupita hata mwaka, likaja agizo la kuwatambua wageni wote waliokuwa wakiishi mitaani. Walioishi muda mrefu wangeombewa kibali cha kuendelea kukaa, mradi mjumbe wa mtaa awashuhudie, na mwajiri awe na karatasi za kuonyesha kwamba wamekuwepo. Wasio na karatasi wangerudishwa kwao. Mjumbe wetu aliwashuhudia Ancha na Mwanajuma wote wawili, tena kwa kuapa, akasema huyu Mwanajuma ndiye aliyemwosha mama yake yeye mjumbe alipofariki. Afisa wa uhamiaji akamjibu kwamba maneno ya mtaani hawezi kuyaambatanisha. Anataka karatasi.

Karatasi yenyewe ni daftari langu.

Walikuja bandani asubuhi, afisa na karani wake. Afisa alikuwa kijana mpole wa bara, aliyetusalimia sisi wakubwa kwa heshima zote. Sikumchukia, na hilo linaniuma, ningependa niwe na mtu wa kumchukia. Meza ikawekwa barazani. Meneja alisimama nyuma yangu. Waliitwa mmoja mmoja: jina, afisa anapekua daftari, anaona doa la dole kila siku mwaka hadi mwaka, karani anaandika, mwingine. Ilikwenda haraka. Nilikuwa nikiomba Mungu isiende haraka.

Akaitwa Ancha. Akasogea, na Mwanajuma akasogea naye, kama walivyozoea.

"Ancha ni yupi?"

Ancha akainua mkono. Afisa akapekua, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Miaka kumi, hukosi. Hongera, mama. Na huyu?"

"Mwanajuma," akasema Mwanajuma mwenyewe. "Kigoda ni hicho hicho."

Afisa akatafuta. Mstari kwa mstari, kidole kinashuka. Akarudi ukurasa wa mwanzo, akatafuta tena. Kisha akaniangalia mimi. "Bi mkubwa, huyu naye anafanya kazi hapa?"

Nataka mjue hasa nilichokuwa nacho kichwani, msije mkanitetea. Nilijua nikisema ndiyo, swali la pili ni kwa nini hayumo. Nikijibu hilo, vigoda kumi na viwili vinafunguka, na daftari langu la miaka yote linakuwa la uongo mbele ya meneja. Nilijiambia nawalinda wale kumi na wawili waliomo, kwamba daftari likikataliwa watakosa wote. Huenda ilikuwa kweli. Lakini sikuwafikiria wao kwanza. Nilifikiria kiti changu.

"Huja kumngoja wifi yake," nikasema.

Nilingoja Mwanajuma anitukane. Angenitukana ningekuwa na la kujibu. Hakunitukana. Alinyoosha mikono yake miwili juu ya meza, viganja juu, vidole vyeusi mpaka kwenye vifundo, ngozi imekauka na kupasuka. Kwa mtu wa hapa hiyo mikono ni cheti. Mtoto wa darasa la kwanza wa Chuno angeitazama na kusema huyu mbanguaji.

Yule kijana wa bara akaitazama, akauliza kwa upole kabisa, "Hina?"

"Hiyo kazi," akasema Mwanajuma.

"Kazi ya wapi?"

Mwanajuma akageuza shingo akanitazama. Wote wakanitazama. Nami nikatazama daftari, kana kwamba kuna kitu kipya kimeandikwa pale.

"Bwana," akasema Ancha, na Ancha hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. "Bwana, sisi ntu mmoja."

"Na daftari linasema hivyo hivyo, mama," akajibu afisa. "Mtu mmoja."

Alijaribu, sitaki kumdhulumu. Alimpa Mwanajuma kidau cha wino, akamwambia abonyeze dole kwenye karatasi nyeupe. Kisha akaliweka karibu na madole ya kwenye daftari, akainama mpaka pua inakaribia kugusa. Ilitoka doa. Kwenye daftari ni madoa. Nusu ya yale madoa yalikuwa ya Mwanajuma. Mvua ya asubuhi ilipomchelewesha Ancha alitangulia yeye, wiki za shamba zote alikuwa yeye, na yote yako mbele ya jina la mwenzake, hayatofautiani hata kidogo. Kazi yenyewe ndiyo iliyofuta ushahidi wake. Afisa akafunga daftari.

Alipewa siku chache. Sikwenda kumwona hata siku moja, ingawa kutoka kwangu hadi kwao ni mwendo wa kuchoka kidogo tu. Nilisema naumwa tumbo.

Siku ya kuondoka alikuja bandani. Gari la Kilambo lilikuwa linaondoka mchana, na yeye alikuja adhuhuri, saa yake. Ancha akainuka. Mwanajuma akapaka majivu, akaketi, mguu kwenye kikanyagio. Akabangua kama siku zote, hajavunja hata moja, maganda yakianguka chini. Lilipojaa bakuli akalileta mezani kwangu na kuliweka taratibu.

"Bi Somoe, nimemaliza zamu. Leo uniandike."

"Haya," nikasema.

Akapeana mikono na wenzake mmoja baada ya mwingine. Mimi alinipa mkono pia. Nilipofungua daftari, meneja alikuwa amesimama mlangoni anazungumza na dereva wa magunia, mgongo kanipa. Nilikuwa na kalamu mkononi. Nikalifunga. Ningeandika jina moja tu, siku moja, na sikuandika.

Baada ya hapo yaliyobaki ni ya kuhuzunisha tu, nitayakimbiza. Meneja hakuwa mjinga, alikwishanusa. Akapiga marufuku kupokezana: jina moja, mtu mmoja, saa moja asubuhi hadi saa kumi. Vigoda vyote kumi na viwili vikavunjika katika msimu ule ule. Katika kila jozi alibaki mmoja bandani na mmoja nje, na aliyebaki bandani hakuweza tena shamba, wala maji, wala msiba. Walikuwa na vibali, wameshaandikwa, wanatambulika, na mtaa ukaanza kuwasahau. Nilisikia kwenye matanga fulani mtu akiuliza, "Na wale Wamawia hawakuja?" Miaka mingi nilikuwa sijalisikia hilo neno.

Ancha alivumilia wiki mbili. Mchana ulipofika alikuwa anainua kichwa kutazama mlango, kisha anakumbuka. Wiki ya tatu hakuja. Mtoto aliacha shule akamsaidia kuuza ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, pale Mikindani, kando ya barabara, na ile mikorosho sita ikaingia magugu. Nilipita pale mara nyingi. Nilikuwa nanunua fungu, naulizwa hali, najibu nzuri. Hakuniambia neno baya hata siku moja. Mtu akikukasirikia unajua pa kuanzia kuomba radhi.

Nikaendelea na kazi yangu mpaka juzi hapa nilipostaafu. Kwenye sherehe walisoma risala wakasema nilikuwa mtunza kumbukumbu mzuri, daftari langu halikuwahi kuwa na kosa. Mlipiga makofi. Neema, wewe ulipiga zaidi.

Sasa jambo la mwisho. Mwezi uliopita Ancha alikuja hapa Shangani, mara yake ya kwanza kunitembelea. Alikuwa amevuka kwenda kumtazama wifi yake. Anasema Mwanajuma yuko kijijini kwao, analima muhogo, hakuna kubangua kule. Mgongo umeinama lakini macho bado yanacheka. "Nkono wake umetakata," akasema. "Mweupe kama wa bibi arusi." Akafungua pindo la khanga akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani hakuna maandishi, kuna dole gumba moja la wino. Nililipeleka dirishani. Mistari yote ipo, miembamba, inazunguka, inasomeka kama maji yaliyotupiwa jiwe.

"Amesema umpelekee yule bwana," akasema Ancha. "Sasa litafanana na lile la daftarini."

Nilitaka kumwambia halitafanana na kitu chochote mle daftarini, kwa kuwa mle hamna dole lake, mna madoa. Sikuweza. Kesho yake nilivaa baibui langu jema nikaenda ofisini. Yule afisa alikwishahama siku nyingi. Nilimkuta kijana mwingine, nikamweleza yote, kigoda, majina, uongo wangu, mbele ya watu waliokuwa foleni, bila kuficha. Kustaafu kumenipa ujasiri, hakuna tena mtu wa kunifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Pole, mama. Mwenyewe yuko wapi?"

"Ng'ambo."

"Basi aje mwenyewe, na uthibitisho kwamba aliwahi kuishi hapa."

"Uthibitisho ni mimi."

"Una karatasi?"

Neema, umeniletea daftari ili niwaandikie hekima, nami nimelitumia. Ukilifungua ukurasa wa kwanza utaona nimechora mistari kwa rula, arobaini na mmoja. Ule wa mwisho nimeandika: Mwanajuma, kigoda cha kumi na saba, na mbele yake nimebandika lile dole. Halimsaidii mtu, najua. Ukiwa na wabanguaji wanaotaka kupokezana, waruhusu, gombana na meneja, ila waandike wote, siku ile ile, kabla hujanywa chai.

Ancha alipopita tena kuuliza majibu nilimwonyesha ule ukurasa. Hajui kusoma, nikamsomea. Akapitisha kidole chake cheusi juu ya dole la wifi yake.

"Sasa umemwandika," akasema.

"Nimemwandika."

"Yeye yupo wapi, Bi Somoe, hata umwandike?"

Akaomba maji, nikampa, akanywa akiwa amesimama, akachukua beseni lake la ming'oko akaenda zake.